Punda Yule Atapita Wapi?

ZAINA: Nduyangu, juzi nimeshinda topeni.

ATHMANI: Wapi tena, Da Zaina?

ZAINA: Takwa, kule kisiwani Manda. Nilikwenda na daftari kutafuta hadithi. Nikazunguka magofu, nikakaa karibu na lile kaburi la mnara, nikangoja. Wapi! Hata sentensi moja haikuja. Kurudi tukachelewa, maji yakapwa tukiwa katikati ya mikoko.

ATHMANI: Mkondo ule ukikosa maji ya kujaa, basi.

ZAINA: Basi, hadi yarudi. Na mashuani mlikuwa na mabibi wawili wasiosemezana tangu tupande. Chupa ya maji ni moja. Nikaona huyu anampa yule, uso kautazamisha kwenye mikoko. Pale pale nikafungua daftari.

ATHMANI: Na kisa aliniletea, wasikilizaji. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu mwandishi na mahali pa hadithi yake, lakini mimi nina swali la punda.

ZAINA: Ndugu wawili wamegombania nyumba ya urithi. Wanakutana kichochoroni, anakuja punda na magunia ya mchanga. Lazima wapande daka moja, kile kibaraza cha mlangoni, wabanane mpaka apite.

ATHMANI: Nimekipenda mno! Ila umekipeleka Malindi. Malindi punda yule atapita wapi?

ZAINA: Mji wa zamani kule una vichochoro.

ATHMANI: Na ukitoka hatua chache kuna tuktuk na barabara pana. Mtu akimwona nduguye atavuka upande wa pili. Hapa Amu, Lamu yetu, hana pa kuvukia.

ZAINA: Nikiandika Amu, shangazi zangu watauliza, huyu ni nani? Nami nitaanza kumsafisha mtu ambaye hadithi inamtaka mchafu. Tena mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na kila mtu anauandika kwa milango na machweo. Malindi naona kwa macho mapya.

ATHMANI: Macho mapya sawa. Sasa nini kitawabana?

ZAINA: Mvua. Watajikinga kibarazani.

ATHMANI: Mvua ikikatika kidogo, mmoja atakimbia. Punda akishaingia, huendi mbele wala nyuma. Mchanga wenyewe unakwenda wapi?

ZAINA: Unakwenda... Athmani! Unakwenda kwenye ile ile nyumba!

ATHMANI: Eeh! Nani kauagiza?

ZAINA: Mdogo. Ameshaanza kukarabati, mkubwa hajui.

ATHMANI: Na gunia limetoboka, mchanga unamwagika juu ya viatu vyao. Hiyo ni Amu, Da Zaina. Usiihamishe.

ZAINA: Gunia hutoboka Malindi pia.

ATHMANI: Mwenye mchanga akileta mkokoteni je?

ZAINA: Nitamnunulia punda mimi mwenyewe. Kisa kinabaki Malindi.

ATHMANI: Basi mimi sitakubali mpaka nikisome.

ZAINA: Utakisoma, na bado kitakuwa Malindi. Mambo yetu matatu?

ATHMANI: Magharibi imekaribia, sikia, wanajaribu kipaza sauti. La kwanza lilikuwa nini?

ZAINA: Kuwa na saa maalumu ya kuandika.

ATHMANI: Na wewe umeandika topeni. Tuyaache.

ZAINA: Wasikilizaji, tuonane wiki ijayo, inshallah. Athmani, yule mkubwa, akiuona mchanga, anasema nini?

ATHMANI: Hasemi. Anainama kukung'uta kiatu.

ZAINA: Subiri, nipe kalamu.