Upepo wa 18: Kuchagua Matairi ya Gari Jepesi

Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, asanteni kwa kuja na jua hili la Mombasa. Gari mlilolipita chini ya mwarobaini nimeliunga kwa mikono yangu, kipande kwa kipande. Ni la ukoo wa Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alilitoa Uingereza mwaka 1957. Likiuzwa vipande, mnunuzi aliliunga nyumbani na kuepuka kodi iliyotozwa magari kamili. Halina milango, wala paa la kutegemewa. Mzani unasema kilo 550. Nikiingia mimi, 620.

Hiyo 620 ishikeni, maana kila nitakalosema leo linatoka hapo.

Igaweni kwa nne. Kila tairi linabeba kilo 155, yaani mifuko mitatu ya saruji na kitu kidogo juu yake. Sasa nendeni dukani. Utaonyeshwa tairi lenye nambari 82 ubavuni. Hiyo 82 si kilo, ni nambari ya jedwali, na jedwali linasema tairi hilo laweza kubeba kilo 475. Mara tatu ya mzigo wako! Mnunuzi hufurahi akijua halitapasuka. Lakini mpira hushika lami ukikandamizwa na kupata joto, na kilo 155 zinahangaika kulikunja tairi lililosukwa kwa gari la tani na nusu. Ukilijaza upepo wa 30, yaani PSI 30 kwenye kipimo cha upepo, kama fundi wa pancha alivyozoea, gari litarukaruka kwenye kila kiraka cha lami, na kwenye kona litateleza kabla mpira haujapata joto.

Tufanye hesabu, ya kukadiria tu, kwa sababu ubavu wa tairi nao una ugumu wake. Kwa upepo wa 30, kilo 155 zinalalia mpira wa sentimita za mraba 73 hivi. Ni kiganja, bila vidole. Teremsha hadi 18, zinakuwa kama 122. Gari ni lile lile na tairi ni lile lile, ila sasa umeongeza mshiko kwa kutoa hewa, na hukulipa hata shilingi. Na pima asubuhi kabla gari halijatembea wala kupigwa na jua. Tairi la upande wa jua litakudanganya.

Naomba mnisikilize vizuri hapa: upepo wa 18 ni wa gari la kilo 550. Ukiupeleka kwenye Probox yenye watu watano na mizigo, ubavu utakunjwa kupita kiasi, utachemka, na tairi litapasuka ukiwa njiani kwenda Mariakani. Nimeona matokeo yake na sitaki kuyaona tena.

Kuhusu upana, mimi nilikosea, na kosa langu nalitaja kila ninapopewa nafasi. Matairi yangu ya kwanza yalikuwa ya upana wa milimita 205, kwa sababu yalipendeza. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha, nilishuka daraja la Nyali na maji yametanda barabarani. Usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umekatika. Gari lilikuwa linaelea. Sikugonga mtu, alhamdulillahi, lakini miguu ilitetemeka mpaka nyumbani.

Wataalamu wa NASA, wakijaribu matairi ya ndege miaka ya 1960, walionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unafuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa upepo wa 30 ni kama kilomita 91 kwa saa. Kwa 18 ni kama 71. Tairi la gari si la ndege, na mifereji yenye kina hukamua maji na kukupa nafasi zaidi. Likiwa kipara nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo ule upepo mdogo unaotusaidia pakavu unatuponza kwenye maji, na tairi pana linaongeza balaa kwa kuwa lina maji mengi zaidi ya kusukuma. Ndiyo maana nang'ang'ania tairi jembamba lenye mifereji ya kweli. Na mvua ikishika, punguza mwendo.

Vipimo? Ningekuwa na hiari, 185/60R13: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 13. Shida ni kwamba matairi ya inchi 13 tunayoyapata hapa mengi yalikusudiwa Starlet na Corolla za zamani, na mpira wake ni mgumu ili udumu. Tazama ubavuni palipochapwa TREADWEAR: 400 ni mpira wa kudumu, 200 ni laini wa kushika. Gari jepesi haliumalizi mpira laini upesi, kwa hiyo usiogope nambari ndogo. Ukikosa 13, chukua 195/50R15, ambalo huja na mpira laini, lakini kumbuka limezidi kimo kwa milimita 24. Kama kipima mwendo kilipangwa kwa lile la 13, kikisoma 100 wewe uko 104.

Tarehe pia someni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni ndizo tarehe ya kutengenezwa: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Tairi lililoanikwa juani nje ya duka miaka sita lina mpira mkavu, hata kama linang'aa. Mimi siligusi kwa bei yoyote.

Sasa chaki hizi hapa. Tutachora mstari kuvuka uso wa kila tairi, mmoja wenu ataendesha hadi getini na kurudi, kisha tutaangalia. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Nimeacha tairi moja la nyuma na upepo wa 30 makusudi, na sisemi ni lipi. Haya, twendeni nje.