Mzio mkali: namna ya kuutambua na kuwahi sindano ya pajani

Habari zenu watazamaji. Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, na leo nawaonyesha namna ya kumwokoa mtu aliyepatwa na mzio mkali, ile aleji inayobana pumzi na kushusha presha. Nazungumza na ndugu wa mgonjwa aliyeko nyumbani, mwaloni kwa wavuvi au kisiwani, na pia na wahudumu wenzangu wa zahanati.

Tuanze na muda. Vifo vya aina hii vilipochunguzwa Uingereza, moyo ulikuwa ukisimama baada ya takriban dakika 30 kama chanzo ni chakula, dakika 15 kama ni mdudu, na dakika 5 tu kama ni dawa ya mshipani. Sasa chukua mtu aliyeumwa na nyuki kisiwani Ukerewe. Kivuko cha kutoka Nansio kuja mjini ni cha saa kadhaa. Huyo hawezi kusubiri hospitali kubwa za mjini, Bugando wala Sekou Toure. Dawa ya kwanza aipate kwenye zahanati iliyo jirani naye.

Hatua ya kwanza, tambua. Mtu alikuwa mzima. Amekula samaki au karanga, ameumwa na nyuki, au amechomwa penisilini. Ghafla anawashwa mwili mzima, midomo na kope zinavimba. Vitabu vingi vinasema utaona wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tazameni mkono wangu: pitisha kiganja hivi, taratibu, mgongoni na tumboni kwake, utahisi vivimbe hata kama macho hayajaviona. Muulize pia kama viganja na nyayo zinamwasha.

Ngozi ikiwa peke yake, kaa naye na umwangalie. Ikiongezeka dalili ya pili, huo ni mzio mkali. Sikiliza sauti: imekwaruza? Anapovuta hewa, koo linatoa mlio? Kifua kinapiga filimbi? Shika kifundo cha mkono: mapigo yanakimbia na ni dhaifu, mkono wa baridi? Anasema anaona giza, au anatapika mfululizo na tumbo linamnyonga? Na wenzangu, wapo wasiotoa kipele hata kimoja. Aliyechomwa dawa sasa hivi kisha presha ikaanguka, msingoje ngozi iwathibitishie. Aliyezimia kwa kuogopa sindano huwa na mapigo ya polepole, hana vivimbe, na akilazwa anazinduka mapema.

Hatua ya pili, mlaze chali na uinue miguu yake juu ya begi au ndoo iliyopinduliwa. Akishindwa kupumua, mwache aketi, miguu ikiwa imenyooka mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame, asitembee, hata akisema amepata nafuu, maana presha ikiwa chini, kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo nawasihi, msimpakie kwenye bodaboda akiwa wima katikati ya watu wawili. Tafuteni gari, au bajaji ambayo ataegemezwa na miguu ipande kwenye kiti. Mwiba wa nyuki ung'oe papo hapo kwa kucha, usipoteze muda kutafuta wembe. Maziwa, mkaa, maji ya limau, vyote viacheni. Koo linalovimba halipitishi kitu salama.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya video hii: adrenalini, dawa inayofungua njia ya hewa na kupandisha presha. Sindano hii ni ya mhudumu aliyefunzwa, ila wewe ndugu uijue, uweze kuiulizia kwa jina. Ampuli, yaani kichupa chake, ni hii, miligramu 1 katika mililita 1. Mtu mzima ninamvutia mililita 0.5. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.3. Aliye chini ya miaka 6, mililita 0.15, na hapo bomba la mililita 1 linasaidia kupima sawasawa. Sehemu ya kuchoma ni hapa, upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti, ndani ya msuli. Si begani, si kwenye tako, na kwa zahanati si mshipani. Andika saa uliyochoma. Ikipita dakika 5 bila nafuu, choma tena paja la pili.

Wenzangu wengine huanza na Piriton, dawa ya kuwashwa, na haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, kisha wanakaa kumtazama mgonjwa. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Piriton inapunguza kuwashwa, haifungui koo wala haipandishi presha, na haidrokotisoni inachukua saa nyingi kufanya kazi. Zije baadaye. Baada ya adrenalini weka oksijeni kama ipo, na dripu ya chumvi iende kwa kasi kama presha imeshuka.

Akipata nafuu bado asirudi nyumbani. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kugusa tena kilichomdhuru, hivyo abaki chini ya uangalizi saa 6 hadi 12, na zaidi kama alihitaji sindano mbili.

Kabla hajaondoka, andika chanzo kwenye daftari lake la matibabu kwa herufi kubwa. Kama ni mtoto na chanzo ni karanga au dagaa, mama aulize kilichosagwa kwenye unga wa lishe, kwa sababu mara nyingi huchanganywa humo. Kupika hakuondoi mzio wa samaki. Hata chipsi asile kama mafuta yake yamekaangia sato.