Kushona Kofia Macho Yakipungua na Vidole Vikiuma
(Mazungumzo na washona kofia, Wete, Pemba)

Assalamu alaykum. Mama zangu, shoga zangu, na nyinyi kaka zangu mliojibanza kule mlangoni, maana kofia hazishonwi na wanawake peke yao, sogeeni mbele. Viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya macho na mikono. Kazi yangu ilikuwa uuguzi mpaka nilipostaafu, na kofia nashona tangu usichana, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Kinachoniudhi ni hili jibu tunalopeana la "uzee huo". Mtu hakioni kitundu cha sindano, uzee huo. Gumba linamwaka usiku kucha, uzee huo. Basi kofia iliyofika nusu inaviringishwa kwenye kanga, inatiwa kabatini, na fundi wa miaka arubaini tumempoteza hivihivi. Nami nasema mengi katika hayo yana dawa, na yasiyo na dawa yana ujanja.

Tuanze na macho. Ndani ya jicho mna lenzi. Ujanani ni laini, hujibadilisha umbo ukitazama karibu. Ukifika miaka 40 hivi huwa imeanza kukakamaa, na hapo cha karibu ndicho kinachopotea mwanzo. Ndiyo maana utaitambua ngalawa ya shemeji yako iko nje huko baharini, na sindano iliyomo mkononi mwako huioni. Hiyo si maradhi. Ni miwani tu. Bangladesh waliwagawia miwani ya karibu watu wa vijijini wa miaka 35 mpaka 65, wakiwamo washonaji na wafumaji, na kundi jingine likangojeshwa. Matokeo yakatolewa 2024: baada ya miezi minane, waliopewa kipato chao kilikuwa kimewazidi wenzao kwa thuluthi hivi. Kwa miwani, jamani. Si mkopo, si semina.

Lakini miwani gani? Ya sokoni ina namba: +1.00, +1.50, mpaka +3.00 na kupindukia. Macho ambayo mbali yanaona sawasawa ila karibu yameishiwa kabisa, +2.50 huyaonesha vizuri kitu kilicho sentimita 40, na +3.00 kilicho 33. Sasa msahafu uko juu ya marufaa, kofia umeivuta mpaka karibu na pua. Miwani inayokufaa kwa msahafu huenda isikufae kwa kofia, nawe ukadhani macho yameharibika. Ukienda kupimwa, iwe hospitali ya Chake Chake au ya Mnazi Mmoja kule Unguja, ichukue kofia yako na sindano yake. Mwambie mpimaji, "Mie nashika hivi," umwoneshe. Asipotaka kutazama, mwambie tena.

Kuna na yale ambayo miwani haiyatibu. Ukiona ukungu, rangi zimefifia, taa zinatoa miale, huenda ni mtoto wa jicho, naye huondoshwa kwa operesheni ikatiwa lenzi mpya. Presha ya macho ndiyo ninayoiogopa zaidi: mara nyingi haiumi, inakula kutoka pembeni, na iliyokwishakula hairudi. Kama kwenu kuna aliyepofuka nayo, au una kisukari, usingoje mpaka usione. Na asali, maji ya majani, sijui nini, machoni visitiwe.

Haya, ujanja sasa. Kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, imekaa kama imetungwa kuyatesa macho: bafta nyeupe, uzi mweupe, na mstari wa penseli ulioanza kufutika kwa jasho. Tandika kitu cheusi mapajani, hata buibui kuukuu, na kila kitundu utakiona kimesimama. Mwanga nao: jicho la miaka 60 huufikisha ndani kama thuluthi tu ya mwanga linaoufikisha jicho la miaka 20. Usishindane na mjukuu chini ya taa moja ya ukumbini. Kaa ubavuni mwa dirisha, na ukishonea mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto, kivuli cha mkono kisikuangukie kwenye kazi. Viua vishone asubuhi. Sindano tungiwa nyingi kwa mpigo kabla watoto hawajakwenda skuli, uzichomeke kwenye mto.

Mikono. Hapa tuseme kweli: si sindano peke yake. Gumba hilohilo ndilo linalochambua karafuu msimu mzima, likakamua tui, likakamua na nguo. Ukitaka gumba la kushonea, mahali pengine lipumzishwe, na wamo vijana majumbani wenye mikono mizima wanaotazama simu. Wapeni nazi.

Vidole vikikakamaa asubuhi kisha vikalegea baada ya muda mfupi, vitie kwenye maji ya uvuguvugu, vikunje na kuvikunjua, ndipo ushike kazi. Vikikaa vimekakamaa zaidi ya nusu saa, na vifundo vimevimba mikono yote miwili, usijikande tu ukanyamaza. Huenda ni baridi yabisi ile inayokula maungo, na dawa zake zinataka kuwahiwa. Na ganzi ya usiku ya gumba, cha shahada na cha kati, ukaamka unakung'uta mkono? Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Bendeji ngumu ya kulalia, inayoweka kifundo kimenyooka, huwasaidia wengi.

Subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, ivaeni. Najua inachukiza mwanzoni. Na Shaaban ikiingia, kila mtu ana oda za Idd, na Ramadhani ikifika tunashona baada ya tarawehe mpaka daku bila ya kunyanyua kichwa. Oda pokeeni kwa kiasi. Kila nusu saa weka chini, tazama mbali, nyoosha vidole.

Mama pale ameuliza, ikiwa mkono umekataa kabisa viua vidogo? Basi chagua nakshi yenye vitundu vikubwa. Au gawaneni: kijana achore na kutoboa, wewe uzungushie uzi; au yeye ashone ubavu, wewe uso wa juu. Kofia ina vipande viwili, inastahimili mikono miwili, mradi bei mmeipatana mapema. Ugomvi wa fedha nao huumiza viungo.

Pale mezani kuna utepe wa kupimia. Kila mtu aje na kofia yake ashike kama anavyoshona, tumpime kutoka jichoni mpaka kwenye sindano, tumwandikie kwenye karatasi ya kwenda nayo kwa mpimaji. Aanze yule aliyechomeka sindano kwenye ushungi, kabla hajamchoma jirani.