Ofisi ndani ya nyumba ya mawe

Asalaam aleikum. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kukubali tukae hapa uani. Kule ndani kuna feni moja tu.

Vijana wangu, mtu akipata nyumba Mji Mkongwe na akataka iwe ofisi, mara nyingi hunijia na mchoro tayari: ukumbi mmoja mpana, meza ishirini, vioo kila upande. Mimi humwuliza, boriti zako zina urefu gani? Hunitazama kama nimemwuliza jina la bibi yake.

Boriti hizi ni mikoko, nyingi zikija kwa majahazi kutoka Rufiji, na kwa kawaida hazizidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana aliuamua mkoko, urefu akauamua mwenye pesa. Ukitaka ukumbi mpana itabidi uvunje ukuta wa kati, na huo ndio uliobeba boriti za pande zote mbili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Chanzo sikizungumzii hapa. Nimelitaja mjue kwa nini kwangu nguzo za kuegemeza huingia kabla ya nyundo.

Haya, ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Una chumvi ndani, na unavuta maji kutoka chini. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke taratibu. Saruji huyafungia humo humo. Nalijua hili kwa aibu. Zamani kidogo niliruhusu lipu ya saruji kwenye chumba cha mhasibu, kwa vile mwenye nyumba alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na uvivu. Masika hayajaisha, lipu imevimba kama andazi. Unga mweupe wa chumvi ukawa unadondokea kwenye kibodi yake, na yule mama, mpole kweli, kila asubuhi anaufagia kwa brashi ya rangi. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Tulibandua yote tukaanza upya kwa chokaa.

Mambo ya umeme ni mepesi kuliko mnavyodhani. Ukuta wa nusu mita na zaidi haupitishi waifai, kwa hiyo weka kifaa kila chumba, waya upite pembeni ya sakafu ndani ya mfereji wa mbao. Msiuchimbe ukuta. Kiyoyozi kinanitisha zaidi: si chenyewe, ni kile kibomba chake cha maji. Kikiachwa kinadondoka ukutani mwaka mzima, hiyo ni mvua uliyoileta mwenyewe.

Mkitaka kuona kazi iliyofanywa kwa subira, nendeni Mizingani kwenye zahanati ya zamani. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa enzi hizo, aliianza mwaka 1887, akafariki haijamalizika, ikakamilika 1894. Baada ya Mapinduzi ilichakaa vibaya, na miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaikarabati. Vyumba havikulazimishwa kuwa kumbi; matumizi mapya yamepangwa kuuzunguka ua, roshani zake za mbao zipo mahali pake. Simameni katikati ya ua mtazame juu, halafu mniambie kama mngetaka dari ya jasi.

Sasa tuinuke. Shimo la chokaa liko nyuma ya ule mlango. Imelala majini wiki kadhaa, imekuwa laini kama samli. Itazameni, mtaichota kwa mwiko. Mkono usitiwe, inaunguza.