Mboga za tuta la juu kwa wenye uwanja mdogo (maongezi na wanakikoba, Kigamboni)

Haya, shikamooni wazee, wengine hamjambo, asante mama mwenyekiti kwa kunipa dakika zangu, najua mkimaliza kuhesabu hela kila mtu anataka kwenda kupika kwaiyo sitawachelewesha. Nimeombwa niongelee bustani kwenye matuta ya juu, yale ya kuzungushia matofali au mbao af unajaza udongo ndani, kwa sababu wengi hapa uwanja wenyewe ni upenyo tu kati ya ukuta na choo. Mi siyo bwana shamba, napanda nyumbani kwangu tu, na mengi nimejifunza kwa kuharibu.

Nianze na kosa langu. Tuta langu la kwanza nililijenga pana kama kitanda cha sita kwa sita, likapendeza kweli, jirani wakaja kupiga picha, sasa mchicha wa katikati nikawa siufikii mpaka nipande juu ya tuta, na ukishakanyaga udongo umeshaushindilia, mizizi haipumui na maji yanasimama. Kwaiyo upana ni mita 1 basi, mkono ufike katikati ukiwa upande wowote, na kama tuta umeliegemeza ukutani yaani unalifikia upande mmoja tu basi sentimita 60 zinatosha. Urefu unavyotaka, kimo sentimita 30. Kuna watu wanajenga mpaka kiunoni kwa sababu wameona kwenye simu, sasa huku kwetu mchanga mtupu na jua hili, tuta likiinuka sana linakauka kama mkate, utamwagilia mpaka uchoke. Ila kama magoti yanauma, hapo sawa, inua tu.

Mbao wengine wanazipaka oili chafu ili mchwa wasile. Mbao za tuta la mboga usipake oili chafu jamani, ile inashuka kwenye udongo na we ndo unakula. Tumia matofali yaliyobaki ujenzini, au mabanzi, au magogo ya mnazi, yakioza baada ya miaka miwili mitatu unabadilisha. Na udongo usichote karibu na gereji wala penye dampo la zamani hata kama unaonekana mweusi mzuri.

Sasa hesabu ya udongo maana hapa watu wengi wanakwama. Tuta la mita 1 kwa 2, kimo sentimita 30, linakula lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Mimi naweka ndoo 15 za udongo wa kawaida, huu mchanga wetu niuchanganye na ule mwekundu nikiupata, ndoo 10 za samadi ILIYOOZA na ndoo 5 za pumba za mpunga au mboji. Neno iliyooza nalikazia kwa sababu kuna mtu aliniuzia samadi ya kuku akaapa imekaa miezi sita, nikapanda sukuma siku hiyohiyo, siku ya nne majani yameungua pembeni kama yamepitishwa moto, kumbe samadi mbichi kabisa. Ingiza mkono ndani ya kiroba, kama kuna joto au harufu inapanda puani, bado hiyo, iache. Na kabla hujajaza ng'oa ndago zote na vile vitunguu vyake vya chini, usijidanganye kwamba utazifunika na boksi zife, ndago inatoboa boksi na kutokea juu inakuchekea.

Tuje kwenye kuchagua nini cha kupanda, hapa ndo nilitaka kufika. Watu tunaenda duka la pembejeo tunachagua pakti kwa picha, kabichi kubwa nyekundu, brokoli, tikiti, unafika nyumbani unapanda, kabichi inakaa miezi mitatu imekalia sehemu ya ndoo nzima inakupa kichwa kimoja unakula siku moja imeisha. Kwenye tuta dogo nafasi ndo hela yako. Mimi najiuliza wiki iliyopita nyumbani kwangu tumenunua mboga gani, kwa wengi hapa ni mchicha, matembele, sukuma, chainizi, nyanya chungu, bamia, basi panda hizo, na uanze na zile ambazo ukichuma leo zinaota tena.

Matembele ndo mfalme wa uvivu. Hayana mbegu ya kununua, unaomba rando kwa jirani, unakata pingili urefu wa kiganja na nusu, unachomeka nusu ardhini, ndani ya mwezi na kidogo unaanza kuchuma ncha na kila ukichuma yanazidi kuchipua. Ubaya wake yanatambaa, yaweke tuta lake peke yake au mwishoni yaning'inie nje, ukiyaweka katikati baada ya miezi miwili hujui nini kiko wapi.

Sukuma inataka nafasi, mche na mche sentimita 45, kwenye tuta letu la mita 2 inaingia miche 8, mtu anasema mbona kidogo anabananisha 20, matokeo yake anapata majani kama ya mlonge. Miche 8 ikitunzwa inalisha nyumba ya watu wanne mara mbili kwa wiki na inakwenda miezi, ilimradi unachuma majani ya chini na juu unabakiza matano sita. Spinachi nayo ni hivyohivyo, na spinachi ina jambo moja zuri kwa sisi wa huku, inavumilia maji ya chumvi. Wenye visima mnanielewa. Maharage na karoti zinachukia chumvi, ukiona maharage majani yanaungua kingo wala usitafute mchawi, onja maji yako. Kwa kisima cha chumvi panda spinachi, na karoti kanunue sokoni tu.

Mchicha ni wa haraka, wiki tatu mpaka nne unang'oa. Mbegu zake ni vumbi, ukimwaga hivihivi zinaota rundo sehemu moja, changanya na mchanga mkavu kiganja kimoja kwa kijiko cha mbegu, chora mistari kwa kidole, nyunyiza, funika juujuu tu. Usipande tuta zima siku moja! Panda robo, wiki inayofuata robo nyingine, hapo mezani hakukatiki mboga, vinginevyo unakuwa na mchicha wa kugawa mtaa mzima halafu mwezi unaofuata uko tena kwa mama muuza.

Nyanya mnapenda kuniuliza. Nyanya ni mtihani, masika ukungu unaimaliza, na tangu 2014 alivyoingia nchini yule mdudu wa nyanya, kantangaze, hata wakulima wakubwa wanalia. Mimi napanda miche michache tu mwishoni mwa Mei mvua zikikata, ikue wakati wa kipupwe. Mbegu za Tanya au Tengeru 97 ndo nazozijua. Na mkumbuke nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho na mnafu ni ukoo mmoja, magonjwa yao yanarithishana, ukitoa nyanya usiweke bilinganya palepale, weka kunde, utakula majani yake na udongo utapata nafuu.

Kuna mtu ameniuliza kuhusu jua, ameona video ya Marekani wanasema vitu virefu viwekwe kaskazini visizibe vifupi. Ni kweli kwao, maana jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar jua la saa sita mchana mwezi wa sita liko kaskazini, Desemba limehamia kusini, kwaiyo hiyo kanuni huku haina mwenyewe. Adui wetu ni jua la saa tisa. Weka bamia na nyanya chungu upande wa magharibi, kivuli chake mchana kiangukie chainizi, maana chainizi ikipigwa joto inatoa maua mapema na majani yanakuwa machungu. Hiyo ni bora uipande Juni mpaka Agosti, kaskazi iache kabisa.

Kumwagilia, keni moja asubuhi moja jioni, Januari na Februari ongeza, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo, utashangaa maji yanavyokaa. Maji ya kuoshea mchele mwaga huko. Maji ya kufulia hapana, sabuni na chumvi zake zinajikusanya.

Mama pale nyuma anasema kuku. (Kicheko.) Kuku hana dawa bana, nimejaribu kila kitu, zungushia chandarua kikuukuu mpaka miche ishike, akishazoea kwamba pale hapaingiliki anahamia kwa jirani. Na vidukari vikikaa chini ya majani ya sukuma, wewe vifute tu kwa kidole na maji yenye sabuni kidogo kila asubuhi, ni miche minane hiyo, haihitaji bomba la dawa.

Haya, kwenye kiroba pale mlangoni nimeleta marando ya matembele, nimeyakata leo alfajiri, kila mtu achukue matano. Ila yachomekwe leo jioni jua likishuka, ukilala nayo kesho yamenyauka, na wale wa matuta ambayo hayajajengwa chomekeni hata kwenye ndoo mbovu iliyotobolewa chini, yatawasubiri.