Nani Aliyeacha Milango Wazi? Mhadhara Kuhusu Dhima ya Jinai ya Kampuni

Mheshimiwa mwenyekiti, wanasheria wenzangu, na ninyi wanafunzi wangu,

Kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria, yaani inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, nyote mnajua, na sitawachosha kwa kulieleza hilo. Ninachosema leo, kama nilivyosema katika kila jukwaa nililopewa, ni kwamba sheria inayomtafuta mtu mmoja mwenye hatia ndani ya kampuni huzinasa kampuni ndogo na kuziachia kubwa, na kwamba kasoro hiyo haitokani na uhaba wa ushahidi bali imo ndani ya kanuni yenyewe.

Tarehe 6 Machi 1987 feri iitwayo Herald of Free Enterprise iling'oa nanga katika bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover, huku milango ya mbele inayopitisha magari ikiwa wazi. Dakika chache baadaye maji yalijaa katika sitaha ya magari, chombo kikalala ubavu, na watu 193 wakafa. Sasa mtafuteni nami mkosaji. Baharia aliyepangiwa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha kwamba imefungwa alikuwa na amri nyingine iliyomtaka awe juu, kwa nahodha, wakati huo huo. Nahodha aliondoka kwa kuwa hakuna aliyemletea habari ya hitilafu, na huo ndio uliokuwa utaratibu: kimya kilihesabiwa kuwa usalama. Manahodha walikuwa wamekwisha kuomba iwekwe taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wa ofisini wakawajibu kwa dhihaka, ingawa mwaka 1983 feri nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa imesafiri milango ikiwa wazi. Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, aliandika kwamba kampuni ilikuwa imeambukizwa ugonjwa wa uzembe kutoka juu hadi chini.

Kampuni iliyoendesha feri hiyo ikashtakiwa Uingereza kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 1990 mahakama ilikubali kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwa kosa hilo, kisha mashtaka yakaanguka, kwa sababu kanuni iliyowekwa katika kesi ya Tesco dhidi ya Nattrass ilidai apatikane kiongozi wa juu ambaye akili yake ndiyo akili ya kampuni, na ambaye yeye mwenyewe alikuwa na uzembe wa kiwango cha jinai. Hakupatikana. Uzembe ulikuwa umegawanyika vipande vipande miongoni mwa wengi, na sheria ilikataa kuvijumlisha vipande hivyo. Kila mwaka nausoma uamuzi huo pamoja na wanafunzi, na kila mwaka unanikera upya, kwa maana sisi tunaozikumbuka MV Bukoba na MV Spice Islander, meli zetu zilizozama, tunajua maana ya kuhesabu maiti ufukoni.

Tazameni kilichofuata. Mwaka 1994 kampuni ya OLL ikawa ya kwanza nchini Uingereza kutiwa hatiani kwa kosa hilo, baada ya wanafunzi wanne kuzama Lyme Bay katika safari ya mitumbwi. Ilikuwa kampuni ndogo, na mkurugenzi wake, ambaye wakufunzi walikuwa wamemwonya kwa barua, ndiye aliyeendesha kila kitu. Sheria ya Uingereza ya 2007 kuhusu kampuni zinazosababisha vifo iliahidi mabadiliko, lakini kampuni ya kwanza kupatikana na hatia chini yake, mwaka 2011, ilikuwa Cotswold Geotechnical, nayo ndogo vilevile. Wakenya mliomo humu mnaikumbuka Smith & Ouzman, wachapaji wa karatasi za kura, na hongo waliyoiita kuku: mwaka 2014 walitiwa hatiani kwa urahisi kwa sababu mwenyekiti wa kampuni alihusika yeye mwenyewe.

Najua mtaniambia kwamba kampuni haina mwili wa kufungwa, na kwamba faini huwaumiza wenye hisa wasio na kosa. Faida ya kuharakisha safari waliipokea wenye hisa hao hao, na hakuna aliyewaambia wairudishe. Wala sisemi watu waachwe, kwani katika kesi ya OLL mkurugenzi alifungwa na kampuni ikatozwa faini katika shauri moja.

Dawa ni kuuliza kama kampuni ilichukua hatua za kuzuia kosa. Sheria ya Hongo ya Uingereza ya 2010 inaitia kampuni hatiani pale anayeitumikia anapohonga kwa faida ya kampuni hiyo, isipokuwa kampuni ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Kwa kosa hilo, Standard Bank ya London ilikubali mwaka 2015 kuirudishia Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba, bila kulazimika kuthibitishwa kwamba mkubwa fulani wa London alijua. Linganisheni na rada yetu, ile ambayo BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, iliiuzia Tanzania: mwaka 2010 BAE ilikiri tu kutotunza kumbukumbu za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000.

Nilikusudia kuzungumzia migodi na viwanda, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa. Kenya imelichukua kosa la kushindwa kuzuia hongo katika sheria yake ya 2016. Ninachodai ni kosa la aina hiyo hiyo kwa vifo vya abiria na vibarua, na mwenye chombo ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba alichukua tahadhari. Niko tayari kwa maswali.