Mtoto wa la sita Goma, kwa nini Kampala wanamweka P3?

Jambo kwenu Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Leo naongea na nyinyi wazazi mnaotuma watoto kwa shangazi Kampala, au mnaowapeleka kambi za wakimbizi za Uganda, Nakivale na Kyaka II. Swali linalojaa kwenye maoni ni moja: mtoto alimaliza la sita, mbona huku wamemrudisha la tatu?

Shida ni Kiingereza. Anapewa mtihani wa Kiingereza kitupu, anakaa kimya, anaandikwa P3, yaani la tatu la msingi. Mtoto wa miaka 13 akae na wa miaka minane! Aibu hiyo nayo inawatoa wengi shuleni.

Anayempeleka shule aombe hivi: mtoto apimwe hesabu peke yake, kwa namba tupu bila maelezo. Akifaulu, kubalini ashuke darasa moja, mawili ikibidi, lakini asiende chini ya P4. Sababu ni kwamba P1 hadi P3 shule nyingi za vijijini hufundisha kwa lugha ya eneo. Isingiro, ilipo Nakivale, ni Runyankore. Mtoto atabeba lugha mbili mpya kwa mpigo. Kuanzia P4 ndipo Kiingereza kinashika nafasi.

Sasa hesabu yenyewe ina mitego. Kwetu nukta ya desimali ni mkato: 3,5. Huku ni 3.5, na mkato unatenga maelfu. Mtoto akiona 1,250 anasoma moja na robo. Kugawanya nako kumegeuzwa: sisi kigawanyo tunakiweka kulia na jibu chini yake, huku kigawanyo kiko kushoto na jibu linakaa juu ya mstari. Jibu lake ni sahihi, mwalimu haelewi alivyolipata, anapiga mkasi. Jioni mbili tatu zinatosha kurekebisha hayo, akipatikana mtu wa kukaa naye. Imla pia: herufi E huku inaitwa "i", na I inaitwa "ai". Anzeni hapo kabla ya sarufi.

Aliyepoteza miaka mingi, usimlazimishe darasa la kawaida. Kambini kuna mpango wa masomo ya haraka: miaka saba ya msingi kwa miaka mitatu. Ngazi ya kwanza ni P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7, kisha anafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kama wenzake.

Karatasi: buletini (ripoti za alama) za miaka miwili ya mwisho, zenye muhuri, nakala halisi. Majina yawe na mpangilio uleule kwenye buletini, kitambulisho cha ukimbizi na daftari la shule. Kwetu prénom, jina la ubatizo, huja mwisho, huku karani analiweka popote, na jina likitofautiana, mtaanza kuhangaika wakati wa kusajiliwa mtihani. Anayeingia sekondari na matokeo ya Kongo lazima yatafsiriwe kwa Kiingereza, kisha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, iyalinganishe. Fanyeni hivyo akiwa S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, msingoje S4, mwaka wa nne.

Mwaka wa shule huku unaanza karibu na Februari. Anayefika Septemba anakuta muhula wa tatu. Aingie hivyo hivyo, darasa moja chini, azoee masikio, Februari apande. P7 na S4 msimpeleke katikati ya mwaka; usajili wa watahiniwa hufanyika mapema.

Pesa: shule ya msingi ya serikali haina karo tangu 1997, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia. Ila uji, sare na vifaa mnalipa. Tumeni yote wiki ya kwanza ya muhula. Mkituma vipande vipande mtoto anarudishwa nyumbani kila mara, na vipindi alivyokosa hakuna wa kumrudishia.

Na baba, ukisikia mtoto kapata 8 kwenye PLE, usimpigie simu ukifoka. Masomo ni manne, kila moja lina gredi 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Jumla ya 4 ndiyo ya juu kabisa. Huyo wa 8 yuko daraja la kwanza.